Somo la Kilimo: Msaada Utokao kwa Mgomba Mwitu



Somo la robo hii limezaliwa na swali. Tulikutana hapa Makandana na wajumbe wa kamati za maendeleo kuzungumzia fedha zilizotolewa kwa ajili ya miche ya migomba. Mama mmoja akasimama. Alisema fedha zipo, mvua ipo, mashimo ameshachimba, lakini miche haijafika. Majani ya migomba yake yanakauka kabla mkungu haujajaa, na ndizi anazopeleka soko la Tukuyu ni nyembamba kuliko zile alizokuwa akipeleka mama mkwe wake. Mzee aliyekaa karibu naye akaongeza lake: amesikia kwamba wataalamu wanachanganya ndizi zetu na ndizi za porini zenye mbegu, zisizolika. "Sasa hiyo," akauliza, "nani ataila?"

Siku ile tuliwajibu kwa kifupi, kwa kuwa chai ilikuwa imeshaletwa. Lakini maswali yote mawili yanastahili jibu refu zaidi, na ukiyatazama vizuri utaona kwamba yanahusiana. Kuchelewa kwa miche na habari ya ndizi ya porini ni jambo moja.

MGOMBA USIO NA UZAO

Hapa Rungwe mgomba ni mwenzetu wa nyumbani. Unaizunguka nyumba, unampa mama kivuli na chakula, majani yake yanafunika chungu, na mkungu ukienda sokoni unarudi na ada ya shule au fedha ya dawa. Tuna Uganda, tuna Malindi, tuna mzuzu, na nyingine nyingi ambazo kila kijiji kinaziita kwa jina lake.

Pamoja na wingi huo, mgomba wa nyumbani hauzai kwa mbegu. Ukikata ndizi mbivu utaona vidoa vidogo vyeusi katikati. Hayo ni mabaki ya mbegu ambazo hazikukua. Unapong'oa chipukizi na kumpa jirani, hukumpa mtoto wa mgomba wako, bali umempa mgomba uleule. Babu alifanya hivyo, na baba wa babu alifanya hivyo. Kwa upande wa ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambazo wengi huziita matoke, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina zote zilizopimwa zinafanana mno, kana kwamba zote zimetoka katika shina moja la kale. Majina ni mengi, damu ni moja.

Faida ya jambo hili ni kwamba ladha haibadiliki. Hasara yake ni kwamba ugonjwa uliojifunza kuuingia mgomba mmoja umejifunza kuiingia yote. Na magonjwa hayajakaa kusubiri. Sigatoka nyeusi, kuvu anayekausha majani, alitambuliwa kisiwani Pemba mwaka 1987, kisha akasambaa bara. Hupenda zaidi maeneo ya chini yenye joto, kwa hiyo wenzetu wa upande wa kuteremkia Kyela wanamfahamu vizuri kuliko walio karibu na mlima. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba anaweza kupunguza mavuno kwa asilimia 30 hadi 50. Sababu yake si ngumu kuielewa: mkungu hujazwa na majani. Mgomba ukichanua ukiwa na majani machache yenye uhai, ndizi zitabaki kama vidole vya mtoto, hata ungeweka samadi kiasi gani.

Chini ya udongo kuna fukusi wa migomba, ambaye mabuu wake hutoboa tunguu mpaka mgomba uanguke wenyewe siku ya upepo. Kuna minyoo midogo isiyoonekana kwa macho inayoozesha mizizi. Kuna mnyauko wa Panama unaoletwa na kuvu wa udongoni, na kuna mnyauko wa bakteria ulioingia Kagera mwaka 2006 ukitokea Uganda na kuacha mashamba mengi bila mkungu wa kula. Kwa huo wa bakteria, hakuna hata moja ya ndizi zetu za kupika yenye kinga ya kutegemewa.

NDUGU WA PORINI

Ndizi zote tunazokula zina asili ya Asia ya kusini na kusini mashariki, na visiwa vya huko hadi Papua Guinea Mpya. Mababu zake bado wanaishi katika misitu ya huko. Ni migomba myembamba, mikungu yake ni midogo, na tunda lake limejaa mbegu nyeusi ngumu zinazoweza kumvunja mtu jino. Mzee wetu ana haki ya kuuliza nani ataila. Hailiwi.

Lakini mgomba huo umeishi maelfu ya miaka bila dawa, bila palizi na bila bwana shamba. Huzaliana kwa mbegu, kwa hiyo kila kizazi ni mchanganyiko mpya. Wasioweza kuhimili ugonjwa walikufa, walioweza wakaacha watoto. Mmoja wao unajulikana duniani kote kwa jina la Calcutta 4, ingawa asili yake ni misitu ya pande za India na Myanmar. Watafiti walipoupima waliona kwamba unahimili sigatoka nyeusi, unahimili fukusi, na unahimili mnyauko wa Panama wa kundi la kwanza. Ndugu yake mwingine, aitwaye zebrina, ambaye majani yake yana mabaka mekundu, ameonyesha uvumilivu dhidi ya ule mnyauko wa bakteria.

Hapa tuseme neno kuhusu jambo linalochanganya watu. Katika mabonde yenye unyevu ya nyanda zetu za juu kuna mmea mkubwa unaofanana na mgomba, wenye shina nene lililovimba chini, ambao hautoi machipukizi. Wengi huuita mgomba wa porini. Huo ni ensete, ndugu wa ukoo wa mbali, na Waethiopia huulima kwa ajili ya chakula kinachotolewa katika shina na tunguu lake. Hauwezi kuzaa na migomba yetu. Tusije tukauchimba na kuuleta nyumbani kwa matumaini.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka Warumi 11, ambako Mtume Paulo anazungumzia mzeituni mwitu uliopandikizwa katika mzeituni mwema. Mfano ni mzuri, ila mgomba haupandikizwi. Njia pekee ya kawaida ya kupata kilichomo ndani ya mgomba mwitu ni kuuozesha: kuchukua chavua ya mwitu asubuhi na mapema na kuipaka kwa mkono katika maua ya mgomba wa nyumbani, kisha kusubiri miezi, na kuupekua mkungu mzima ukitafuta mbegu moja au mbili. Mara nyingi hakuna hata moja. Ikipatikana, haioti vizuri katika udongo; hupelekwa maabara, kiini chake kikatolewa na kulelewa ndani ya chupa.

Kazi hiyo ilianza Uganda katika miaka ya 1990, kwa ushirikiano wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya nchi hiyo, NARO, na taasisi ya kimataifa ya IITA. Walianza kwa kutafuta ni matoke zipi ambazo si tasa kabisa, maana zipo chache. Waliziozesha na Calcutta 4. Watoto wa kwanza walikuwa na afya lakini hawakufaa jikoni. Watoto hao wakaozeshwa tena na migomba mingine iliyoboreshwa. Wajukuu waliochaguliwa, zaidi ya 20, wakaitwa NARITA, jina lililounganishwa kutoka katika majina ya taasisi hizo mbili. Kutoka chavua ya kwanza hadi hapo palipita takriban miaka 20.

Miaka ishirini! Mtoto aliyebatizwa siku ya kwanza ya kazi hiyo angekuwa anaoa. Ni hapo ramani inapoingia.

RAMANI YA VINASABA

Kila chembe hai ya mgomba hubeba maandiko ya urithi yaliyogawanywa katika nyuzi 11 ziitwazo kromosomu. Mgomba mwitu una nakala mbili za kila uzi, jumla 22. Matoke ina nakala tatu, jumla 33, na hiyo ni sababu moja ya utasa wake, kwa kuwa tatu haigawanyiki kwa mbili. Mwaka 2012 watafiti walichapisha kwa mara ya kwanza maandiko hayo karibu yote ya mgomba mmoja wa jamii ya acuminata. Walihesabu jeni zaidi ya 36,000. Jeni ni agizo moja: hili la rangi, hili la ugumu wa ganda, hili la kumtambua kuvu anapogusa jani.

Kuwa na maandiko si sawa na kujua agizo lipi liko wapi. Tueleze kwa mfano wa barabara tunayoipita sote.

Chukua barabara ya kutoka Kyela kwenda Mbeya. Inapita Tukuyu, inapita Kiwira, inafika Uyole. Tuseme barabara hiyo ndiyo kromosomu, na nyumba zilizo kando yake ndizo jeni. Mgomba unapotengeneza chavua, uzi uliotoka kwa baba na uzi uliotoka kwa mama hukatika na kubadilishana vipande, kama barabara inavyokatwa na mvua za Aprili. Hakuna ajuaye itakatika wapi. Lakini nyumba mbili zinazopakana hapa Makandana ni nadra sana barabara ikatike katikati yake. Zitabaki upande mmoja. Nyumba iliyoko Kyela na ile iliyoko Uyole zitatenganishwa mara nyingi.

Sasa watafiti husimamisha vibao kando ya barabara yote. Kibao ni alama ndogo katika maandiko, ambayo kwa mgomba mwitu inasomeka tofauti na kwa mgomba wa nyumbani, na ambayo maabara inaweza kuisoma. Kisha huzalisha mamia ya watoto wa wazazi hao wawili. Huwaambukiza ugonjwa kwa makusudi na kuangalia nani anakufa na nani anapona. Halafu husoma vibao vya kila mmoja. Ikionekana kwamba karibu wote waliopona wana kibao fulani cha mzazi wa mwitu, na karibu wote waliokufa hawana, basi jeni ya kinga ni jirani wa kibao hicho. Huenda bado hatuijui nyumba yenyewe, lakini tumejua mtaa.

Huko kuorodhesha mitaa ndiko kunakoitwa kuchora ramani ya vinasaba. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitangaza kwamba wameufikia mtaa wa namna hiyo ndani ya Calcutta 4, katika kromosomu ya tano, unaohusika na kinga dhidi ya kundi moja la kuvu wa mnyauko wa Panama linalosumbua mashamba ya nchi zenye baridi kiasi. Uganda nako, NARO na IITA wamekuwa wakichora mitaa ya kinga dhidi ya fukusi na minyoo ya mizizi, wadudu ambao mama zetu wanawajua kwa athari zake, si kwa majina.

Faida yake kwa mkulima iko katika hesabu ifuatayo, na tunaomba wafadhili waitazame kwa makini. Mgomba mmoja wa majaribio unahitaji takriban mita 6 za mraba. Watoto 1,000 wa ndoa moja wanahitaji mita 6,000 za mraba, yaani kama ekari moja na nusu, na wapaliliwe, wawekewe samadi na wapimwe kwa mikungu miwili mfululizo, ambayo ni miaka mitatu hivi. Wengi wao hawana lolote la maana; walirithi mbegu za mwitu na udogo wa mwitu. Mwenye ramani hachukui wote shambani. Anakata kipande cha jani mche ukiwa bado kitaluni, anasoma vibao, anawaacha wasio na kinga na kuwapanda wachache. Ekari moja na nusu inakuwa bustani ya nyuma ya nyumba.

Faida ya pili haizungumzwi sana, nasi tunaiona kubwa. Mgomba mwitu hautoi zawadi yake peke yake. Unaleta na mizigo: mbegu, tunda dogo, ladha mbaya. Mizigo hiyo mara nyingi iko nyumba za jirani na jeni ya kinga. Bila ramani mtafiti hawezi kujua ni mtoto yupi aliyebahatika barabara yake kukatika mahali panapofaa, akabeba kinga na kuiacha mizigo. Akiwa na vibao pande zote mbili anamwona.

JE, MAVUNO YENYEWE YANAWEZA KUTOKA PORINI?

Hadi hapa tumezungumzia magonjwa. Kwa mavuno jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa uzito wa mkungu hauamriwi na jeni moja bali na nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Watu walidhani kwa muda mrefu kwamba mmea wa mwitu, ambao mavuno yake ni haba, hauwezi kuwa na kitu cha kuongeza mavuno.

Mpunga uliwarekebisha. Mwaka 1996 watafiti, wakiwamo Steven Tanksley na Susan McCouch wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza jinsi walivyozalisha mpunga chotara wa China wenye mavuno mengi na mpunga mwitu uliotoka Malaysia. Walichora ramani na kukuta mitaa miwili iliyotoka kwa mwitu, ambayo kila mmoja uliambatana na ongezeko la mavuno la asilimia 17 hivi. Mpunga mwitu wenyewe kwa kuutazama ni magugu tu. Jeni hizo zilikuwa zimefichwa na nyingine mbaya zilizozizunguka, na macho peke yake yasingezigundua kamwe. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1995, jeni ya kinga dhidi ya ugonjwa wa bakteria wa majani ya mpunga ilitambuliwa kutoka katika mpunga mwitu wa Afrika, ule ule ambao wakulima wa mabonde yetu huung'oa na kuutupa. Ndugu zetu wa Kyela wanaolima mpunga watatabasamu kusikia hivyo.

Kwa migomba, hatua ya namna hiyo imeanza. Mwaka 2017 na 2018 Moses Nyine na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza migomba 307 huko Uganda, wakilinganisha vibao vya barabara yote na vipimo vya shambani, ili kuona kama mche unaweza kutabiriwa mkungu wake kabla haujachanua. Sifa za kujaa kwa tunda na za mkungu zilitabirika vizuri kuliko nyingine. Bado haitoshi kumchagua mshindi kwa kusoma jani tu. Inatosha kuwaondoa walio dhaifu.

SWALI LA GMO

Limeulizwa karibu katika kila kikao, kwa hiyo tulijibu waziwazi. Ndizi tunazozungumzia hapa hazikuingizwa jeni kwa kalamu ya maabara. Zimezaliwa kwa chavua na ua, kama mahindi chotara ambayo tumeyalima miaka mingi. Kusoma vibao ni kama kusoma kitabu cha ubatizo: unajua nani ni mtoto wa nani, lakini hukumzaa wala hukumbadilisha. Majaribio ya mazao ya GMO ni suala jingine, na Serikali ya Tanzania iliyasitisha mwaka 2018. Watu wanaweza kuwa na maoni tofauti juu ya hilo. Wasiyachanganye na haya.

MAJARIBIO YALIFIKA RUNGWE

Wengine hawajui kwamba wilaya yetu ilishiriki. Katika mradi mkubwa wa kuboresha migomba ulioanza mwaka 2014, NARITA zilipandwa kwa majaribio Uganda na Tanzania, na miongoni mwa vituo vya Tanzania vilikuwamo Maruku wilayani Bukoba na Mitalula wilayani Rungwe. Mwaka 2021 aina nne za kwanza ziliruhusiwa rasmi nchini, zikipewa jina la TARIBAN 1, 2, 3 na 4, kutokana na jina la taasisi yetu ya utafiti, TARI. Uganda walitangulia: mwaka 2010 walitoa moja waliyoiita Kiwangaazi, maana yake ile inayodumu.

Hata hivyo, shamba si mwisho wa safari. Walaji walipopewa kuonja, chotara nyingi zilipata alama za chini kuliko matoke ya asili. Nyingine zilikuwa ngumu zikipoa, nyingine hazikutoa ile rangi ya njano ambayo mpishi anaitarajia akifunua chungu. Hakuna ramani iliyochora vizuri ladha ya ndizi zilizopikwa na maharage nyumbani kwa Mnyakyusa. Mtu wa kuipima yuko jikoni, si maabara, na kwa desturi yetu ni mama. Tumesikitika kuona katika baadhi ya vikao vya miche wajumbe wote wakiwa wanaume, na sisi tulioandaa vikao hivyo hatuna wa kumlaumu isipokuwa sisi wenyewe.

KWA NINI MICHE HAIJAFIKA

Sasa tumjibu mama yetu.

Miaka iliyopita tulifanya kosa, na tunaliandika hapa kwa sababu halikuwahi kuandikwa katika taarifa zetu. Tulinunua machipukizi katika shamba moja lililopendeza kwa macho, tukajaza gari, tukagawa siku moja katika vijiji kadhaa, tukapiga picha. Hatukumenya tunguu hata moja. Fukusi alikuwa ndani. Kabla ya mkungu wa pili, migomba ilianza kuanguka, na si ile mipya tu, bali na ya zamani iliyokuwa pembeni yake. Taarifa ya robo ile ilisema idadi ya miche iliyogawiwa, na idadi ilikuwa kweli. Familia tulizokwenda kuzisaidia tuliziachia mdudu.

Kwa hiyo safari hii tumeamua mambo ambayo yanachelewesha. Hatutachukua chipukizi kutoka nje ya wilaya bila ushauri wa watafiti wa TARI na afisa ugani, hasa kutoka maeneo yenye mnyauko. Kila chipukizi litamenywa tunguu mpaka liwe jeupe, na kutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, jambo ambalo huua minyoo na mayai ya fukusi bila kuua mche. Ni kazi ya sufuria, kuni na saa ya mkononi, na kila kamati inaweza kuifanya. Miche ya aina mpya itatoka katika vitalu vinavyotambulika tu, hata kama foleni ni ndefu.

Na hatutang'oa ya zamani. Aina mpya zitapandwa kando ya Uganda na Malindi, mistari kwa mistari, katika udongo ule ule na samadi ile ile, ili mtu aone tofauti kwa macho yake. Tunaogopa sana wazo la kusafisha mashamba na kupanda aina moja mpya kila mahali. Huko ni kurudia kosa la damu moja kwa jina jipya. Isitoshe, baadhi ya migomba ya zamani ambayo vijana wanaiona haina soko huenda si tasa kabisa, na watafiti wa kesho wanaweza kuihitaji iwe mama. Dunia huhifadhi zaidi ya aina 1,500 za migomba katika chupa huko Leuven, Ubelgiji, lakini chupa ya Leuven haijui jina la mgomba wala hadithi ya aliyeuleta kijijini.

Kwa marafiki wafadhili tunasema hivi kwa heshima: msituulize kwanza miche mingapi imegawiwa. Tuulizeni ni mingapi iko hai baada ya mkungu wa pili, mkungu ulikuwa na kilo ngapi, majani mangapi yalikuwa mazima ulipochanua, na mpishi alisema nini. Majibu yatachukua miaka mitatu. Tunajua kwamba mizunguko mingi ya fedha haizidi miaka miwili, na tumeshaanza kuzungumza na baadhi yenu kuhusu hilo.

Kwa kamati za sharika: tunahitaji maeneo ya kulinganishia, yasiyopungua nafasi ya migomba 20, karibu na njia ili wapitao waone. Kila eneo liwe na mtunza daftari mmoja na wapishi wawili watakaopika na kuandika. Pamoja na maombi ya eneo, leteni orodha ya majina ya migomba yote inayojulikana usharikani kwenu, kwa Kinyakyusa, ikieleza ipi huliwa vipi, ipi huvumilia ukame na ipi imeanza kupotea. Ulizeni wazee kabla ya vijana. Ikiwa kuna mgomba ambao mtu amewahi kukuta mbegu ngumu ndani ya ndizi yake, hata moja, uandikeni jina lake juu kabisa ya orodha na mtujulishe mapema, kwa sababu huo watafiti watataka kuuona.

Mama aliyetuuliza swali ametoa eneo la kwanza, nyuma ya jiko lake. Mashimo, kama alivyosema, ameshachimba. Ndaga fijo, mama.